Fuata Shamba, Usifuate Jina: Tulivyoitafuta Ardhi ya Ukoo Tangu Enzi za Mjerumani

Koo nyingi za huku Bonde, wilayani Muheza, zina habari ya ardhi iliyochukuliwa na Mjerumani. Kwetu habari yenyewe ilikuwa fupi: babu yake babu alikuwa na eneo kubwa kando ya mto, mzungu akaja na karatasi, mkonge ukapandwa, watu wakasogezwa. Mwaka haujulikani, jina la mzungu halijulikani, na kila mzee alikuonyesha mpaka wake. Tuliishi na habari hiyo mpaka hati ya shamba lile ilipofutwa kwa sababu lilikuwa limetelekezwa, na halmashauri ikaanza kuzungumzia kuwagawia wananchi. Hapo vijana wa ukoo wakataka karatasi. Mimi nilikuwa nimeshastaafu ualimu, kazi ikaniangukia.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotaka kuanza kazi kama hii, iwe Tanga au kwingineko Tanzania Bara. Jina la kijiji na la shamba nimeyaacha kwa kuwa mgao haujakamilika. Lililo kubwa kuliko yote nalitanguliza: fuata shamba, usifuate jina la babu. Watu hubadili majina, mashamba nayo hubadilishiwa, lakini mto na kilima viko palepale, na karatasi za serikali zote tatu, ya Mjerumani, ya Mwingereza na yetu, zimepangwa kwa kufuata ardhi.

Kabla sijaanza, ndugu yangu mmoja alikuwa ameshampa mtu wa mjini shilingi milioni moja na nusu. Mtu huyo alidai ana njia ya kuipata "hati ya Mjerumani". Alicholeta ni fotokopi yenye mhuri wa tai, imeandikwa kwa Kiswahili safi cha siku hizi, na ukubwa wa shamba umetajwa kwa ekari. Mjerumani alipima kwa hekta. Ekari ilikuja na Mwingereza. Bei nayo ilikuwa kwa shilingi, wakati koloni la Mjerumani lilitumia rupia. Fedha ile haikurudi. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, tazama kipimo na sarafu kabla hujatazama jina la babu yako.

Nilianza na wazee, na nawashauri muanze hapo hata kama mna haraka, kwa maana wazee hawangoji. Ila kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize hela gani ilitumika, reli ilikuwa imefika wapi, na nani alikuwa tumboni wakati wa vita vya Tanga, yaani Novemba 1914. Shangazi yangu, binti wa mwisho wa babu, alikumbuka baba yake akisimulia kwamba malipo yalikuwa rupia na doti za nguo, chenji ikahesabiwa kwa heller, na kwamba mizigo ya mzungu ilishushwa kutoka treni iliyokuwa ikienda mpaka Mombo. Heller zilianza 1904 kuchukua nafasi ya pesa za zamani. Reli ilifika Mombo 1905. Kwa maneno ya mama mmoja asiyejua kusoma tukapata kipindi: baada ya 1905, kabla ya 1914. Baadaye karatasi zilionyesha 1908. Ningeingia kwenye nyaraka bila kipindi hicho, ningezama.

Shangazi huyohuyo ndiye aliyetupeleka shambani. Mkonge ulikuwa umeshageuka pori, mingine imetoa milingoti mirefu ya maua, na njia ilibidi ifyekwe. Alitangulia na fimbo. Alipofika kwenye mwembe mmoja mnene akageuka kushoto bila kusita, akahesabu hatua kwa sauti, akasimama na kuchomeka fimbo kwenye nyasi. Mjukuu wangu alipofyeka, yakaonekana mawe yaliyopangwa kwa mstari, makaburi ya watu wazima na madogo matatu ya watoto pembeni. Shangazi akayataja kila moja ni la nani. Nilirekodi sauti yake kwenye simu, nikapiga picha kila kaburi na mwembe wote, na kijana mmoja akachukua majira ya nukta kwa GPS ya simu. Fanyeni hivyo siku hiyohiyo. Shangazi amefariki, na leo hakuna mwingine katika ukoo anayeweza kuyataja yale ya watoto.

Majina ndiyo yaliyotutesa. Tulikuwa tukimtafuta babu mkuu kwa jina tulilolijua, halimo popote. Misheni ya Magila, ya Waanglikana wa UMCA, ilikuwapo Bonde tangu karne ya 19, na watu wengi wa huku walibatizwa pale. Vitabu vya ubatizo huandika jina la nyumbani, jina jipya, wazazi, na mara nyingi kijiji. Parokia nyingi za zamani bado zina vitabu hivyo, na nyaraka za UMCA zilizokuwa Uingereza zimehifadhiwa Oxford. Kwenye kitabu kimoja nikamkuta mtoto wa babu mkuu, na jina la baba yake limeandikwa kwa namna tuliyokuwa hatujawahi kuisikia. Kwa Waislamu wa ukoo, na sisi tuko nusu kwa nusu, msaada ulitoka kwenye hati za ndoa na karatasi za kuuziana minazi, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Msizitupe karatasi hizo kwa kudhani ni dua. Mpelekeeni mwalimu wa madrasa azisome kwanza.

Halafu kuna stakabadhi za kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Mjerumani mwaka 1898, na Mwingereza akaja na ya kwake, watu wakaiita kodi ya kichwa. Bibi alikuwa ameziweka za marehemu mumewe na za kaka yake kwenye kopo la maziwa ya unga, zimekunjwa mara nne, nyingine zimeliwa na mende. Stakabadhi haithibitishi kumiliki ardhi. Inathibitisha kwamba mtu fulani, mwaka fulani, aliishi chini ya jumbe fulani. Ukizipanga kwa miaka unaona mtu alipohama.

Nazo ndizo zilizotuonyesha jambo ambalo wanaume wa ukoo hawakulipenda. Walioishi kwenye eneo lile walikuwa watu wa upande wa bibi. Babu mkuu tuliyekuwa tukimtafuta alikuja pale kwa kuoa. Shamba lilikuwa la baba mkwe wake, na baada yake la binti yake. Tungeendelea kufuata jina la ukoo, yaani wanaume watupu, tungefika kwenye kijiji kingine kabisa, na kwenye madai ya ardhi ya watu wengine.

Dar es Salaam nilikwenda kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au taasisi inayokufahamu, ueleze unatafuta nini. Beba penseli. Majalada ya wakati wa Mjerumani yapo kwa maelfu na yana orodha iliyochapwa, lakini orodha ni ya Kijerumani, kwa hiyo jua mapema maneno ya ardhi, shamba, ununuzi, na jina la wilaya kama walivyoliandika. Omba pia Vitabu vya Wilaya vya wakati wa Mwingereza. Humo maofisa waliandika orodha za majumbe, historia za koo kama walivyosimuliwa, na migogoro ya mipaka. Kuna upendeleo mwingi ndani yake, ofisa aliandika alichoambiwa na aliyekuwa karibu naye, lakini majina ya vijito na vilima yamo.

Jalada letu lilikuja siku ambayo nilikuwa nimeshakata tamaa. Karatasi ni za rangi ya chai, kingo zinavunjika ukizigusa. Ndani kuna mkataba wa mauzo, maandishi ya mkono yenye herufi kali zilizolala ambazo hata Wajerumani wengi wa leo hawazisomi. Chini, upande wa kulia, sahihi ya mzungu yenye mkia mrefu. Upande wa kushoto alama tatu za msalaba, na mbele ya kila alama karani ameandika jina. La kwanza lilikuwa la jumbe. La pili lilikuwa la yule baba mkwe. Niliinuka nikatoka nje. Huyu mtu alisimama mbele ya meza, akashikishwa kalamu, akachora msalaba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na kalamu ile ikahamisha makaburi ya wanawe. Nililia pale nje na sioni haya kusema.

Kusoma mwandiko ule kuna gharama. Mfasiri niliyempata alitoza shilingi 40,000 kwa ukurasa, na hakuharakisha. Kuna programu inayoitwa Transkribus inayosaidia kuugeuza mwandiko wa kale kuwa herufi za kawaida. Kijana wa nyumbani aliitumia kwa kurasa zilizobaki, tukampelekea mfasiri zile zenye uzito tu. Na kabla hujatoa nauli ya Dar es Salaam, jua kwamba majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yako katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, mjini Berlin, katika kundi la R 1001, na mengi yanasomeka bure kwenye intaneti. Hayo yanahusu zaidi mambo makubwa ya makampuni na sera, lakini kama shamba lenu lilikuwa la kampuni, angalieni huko.

Lililotusaidia zaidi halikuwa mkataba. Amri ya Kaisari ya Novemba 1895 ilitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali, isipokuwa pale ambapo mtu, jumbe au jamii ingeweza kuonyesha ni yake. Kwa hiyo kabla ya mzungu kupewa shamba, tume ya ardhi ilitakiwa kwenda kutazama wenyeji wako wapi na kuwatengea eneo. Kanuni ilikuwa mara nne ya walicholima. Tume iliandika ripoti. Katika ripoti ya shamba letu zimetajwa nyumba, mashamba ya mahindi na mihogo, minazi, na eneo la wenyeji lililotengwa kando ya mto, lenye mchoro. Eneo lile lililotengwa ndilo lenye mwembe na makaburi. Maana yake ni kwamba hata kwa sheria ya Mjerumani mwenyewe, pale hapakuuzwa. Mkonge ulisogea juu yake baadaye. Wengi wanatafuta mkataba tu na kuiacha ripoti ya tume. Tafuteni ripoti.

Baada ya hapo nilikuwa na kamba mkononi, kazi ikawa kuifuata mpaka leo. Baada ya vita vya kwanza mali za Wajerumani zilishikwa kama mali za adui na kuuzwa. Sheria ya Ardhi ya 1923 ikafanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, lakini ikaziacha hati za zamani zilizokuwa halali. Wajerumani wakaruhusiwa kurudi 1925, vita vya 1939 vikawaondoa tena, mashamba yakashikwa mara ya pili. Mwaka 1963 hati zote za umiliki wa moja kwa moja ziligeuzwa kuwa za kukodi kwa miaka 99, na mwaka 1969 zikageuzwa tena kuwa haki ya kumiliki chini ya serikali. Katikati, Oktoba 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Miaka ya 1990 yakabinafsishwa. Katika kila hatua ya hizo shamba letu lilipata mwenyewe mwingine au jina jingine au namba nyingine, na pale Mjerumani alipoandika hekta 100 Mwingereza aliandika ekari 247, ukadhani ni shamba jingine. Gazeti la Serikali ni msaada mkubwa hapa, kwa kuwa mauzo ya mali za adui, hati zilizopotea na hati zilizofutwa hutangazwa humo. Kisha fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa. Jalada letu lilikuwa limepita ofisi ya kanda Moshi, na kulifuatilia kulichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya nyaraka za Mjerumani.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo ndugu wanapouza ng'ombe bure. Tulikwenda kwa wakili tukiwa na furaha, karatasi kwenye bahasha. Alizisoma kwa heshima, akatueleza bila kutupaka mafuta. Dai la kurudishiwa ardhi lina kikomo cha miaka 12, na kama mwenyewe amefariki miaka huanza kuhesabiwa tangu kifo chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mgao uliofanywa wakati wa operesheni za vijiji, kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, ni halali, na haki zilizokuwapo kabla juu ya ardhi iliyogawiwa zimekoma. Pia hakuna anayeweza kufungua shauri la mali ya marehemu bila kuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa vizazi vitano hilo peke yake ni mlima. Karatasi ya 1908, alisema, haiwezi kumtoa mtu kwenye nyumba yake leo. Baadhi ya ndugu walitoka pale wamenuna na wakatafuta wakili mwingine wa kuwaambia wanachotaka kusikia. Walimpata, wakalipa, na shauri likatupwa hatua ya mwanzo.

Kile ambacho karatasi ingeweza kufanya kilikuwa tofauti. Hati ya shamba ikifutwa, ardhi inarudi mikononi mwa Rais, na inapogawiwa kuna kamati, kuna mkutano mkuu wa kijiji, kuna mpimaji. Hapo ushahidi una nafasi. Hudai urithi, unaonyesha kwamba sehemu hii ni ya maziko na makazi ya kale, na kwamba ninyi ni wakazi wa kijiji wenye haki ya kufikiriwa kama wengine. Peleka nakala, usipeleke halisi. Dai mhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako.

Kikao cha ukoo cha kuamua hayo kilikuwa kigumu. Ami yangu alisema haiwezekani kudai kwa jina la upande wa bibi wakati sisi ni watoto wa kiumeni. Binamu zetu wa upande wa bibi, ambao hatukuwa tukialikana nao sana, walisikia na wakaja kwa hasira, na walikuwa na haki ya kukasirika. Tukakaa nao mpaka usiku. Niliisoma ripoti ya tume kwa sauti kwa Kiswahili, na stakabadhi zikazungushwa. Mwisho tukaandika orodha moja ya wazao wote, wanaume na wanawake, kila mmoja akasaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kama mko mwanzoni, waiteni upande wa pili mapema. Muhtasari wa kikao wenye sahihi za pande zote ulitufaa mbele ya kamati kuliko mkataba wa Kijerumani.

Kuna na watu wengine ambao sikuwafikiria mpaka nilipokanyaga pale: wazao wa manamba, wale vibarua walioletwa kukata mkonge kutoka Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji. Wako pale vizazi vitatu au vinne. Shamba lilipokufa walibaki kambini bila mshahara na bila kwao pa kurudi. Nao wana makaburi, tena mengi kuliko yetu. Vijana wetu wawili walianza kusema "wavamizi waondoke", nikawakataza hadharani. Waliotunyang'anya ardhi si hao. Tulikwenda kwa wazee wao, tukawaonyesha mchoro wa eneo tunaloomba, nao wakatuonyesha mpaka wa makaburi yao. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji hoja yetu iliungwa mkono na wao kwanza.

Hadi sasa mpimaji wa halmashauri ameshatenga eneo la makaburi, letu na la wenzetu, lisigawiwe kwa yeyote. Kaya zetu kadhaa zimo kwenye orodha ya kugawiwa, ekari mbili mbili, sawa na kaya nyingine za kijiji. Hati za hakimiliki za kimila bado. Ukijumlisha nauli, mfasiri, fotokopi na wakili, gharama imepita thamani ya ekari hizo kwa bei ya leo, na anayeingia kwenye kazi hii kwa hesabu ya faida aingie akilijua hilo. Nakala za kila karatasi ziko kwa watu watatu wa pande mbili za ukoo, na rekodi ya shangazi iko kwenye simu za wajukuu wake wote. Kinachofuata ni kupata nukta za bikoni mpya, yaani alama za mipaka za mpimaji, na kuzilinganisha na mchoro wa 1908, kazi ambayo mjukuu wangu anayesomea upimaji ameomba aifanye mwenyewe.